Tanga: Historia ya mji yaweza kuuzwa kwa tiketi?

WATALII wengi wanaopita Tanga huwa njiani kuelekea kwingine. Hulala usiku mmoja, na asubuhi hupanda gari kwenda Pangani, Lushoto au mpakani Horohoro kuelekea Mombasa. Fedha wanayoacha mjini ni ya chumba, sahani ya wali na nauli. Mji wenye reli ya kwanza ya Tanzania Bara, uliopiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na ulio jirani na kijiji alikozaliwa Shaaban Robert, hupata kidogo mno kutokana na historia yake.

Katika miji mingi ya dunia, pengo la namna hiyo huzibwa kwa biashara ambayo bado ni changa katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni nyumba ya maonyesho ambamo mgeni huelezwa historia ya mji kwa sauti, picha, filamu na mwanga, kwa muda usiozidi nusu saa, kabla hajatoka kwenda kuyaona majengo yenyewe. Wataalamu wa lugha huita mchanganyiko huo medianuwai. Mfanyabiashara anayefikiria kuweka fedha yake humo anahitaji kujua mambo matatu: bidhaa inayouzwa ni ipi, gharama hujificha wapi, na ni nani hasa atakayelipa.

BIDHAA YENYEWE

Biashara hii ilianzia Ulaya. Onyesho la kwanza la sauti na mwanga lilifanyika mwaka 1952 katika kasri la Chambord nchini Ufaransa. Watu waliketi nje usiku, taa zikawashwa upande mmoja wa jengo na kisha mwingine, huku sauti ikisimulia yaliyotokea humo. Mwaka 1961 Misri ililipeleka wazo hilo kwenye piramidi za Giza, na onyesho la huko likawa sehemu ya safari ya watalii wengi wanaofika Cairo. Mwaka 1984 mji wa York nchini Uingereza ulifungua kituo cha Jorvik. Huko mgeni hupanda kigari kinachompitisha katika mfano wa mji wa zamani wenye sauti, sanamu na hata harufu za enzi hizo.

Mifano hiyo mitatu inaonyesha kwamba mteja halipii kifaa. Analipia kurahisishiwa kazi ya kuelewa. Mgeni mwenye saa tatu tu mjini hana muda wa kusoma kitabu, na ukuta mkongwe usio na maelezo kwake ni ukuta tu. Akishaelezwa kwa dakika 20, ukuta ule ule unamvuta asimame, apige picha, aulize maswali na amlipe mwongozaji. Kwa hiyo onyesho zuri huuza tiketi yake na pia hufungua soko la huduma nyingine za mjini.

Katika pwani hii somo la karibu zaidi liko Mombasa. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, kwa miaka kadhaa ilikuwa na onyesho la usiku la sauti na mwanga. Halikuuzwa peke yake. Liliunganishwa na safari ya jahazi na chakula cha jioni, kwa tiketi moja. Mtalii wa hotelini alilipia jioni nzima, naye mwenye jahazi, mpishi, mcheza ngoma na ngome yenyewe kila mmoja akapata fungu lake.

TANGA INA NINI GHALANI

Katika biashara ya duka swali la kwanza ni kama kuna mali ya kuuza. Kwa Tanga mali ipo.

Mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Urithi Tanga, yaliyo katika boma la zamani la Wajerumani karibu na bandari. Boma hilo lilikarabatiwa na sasa lina picha za kale pamoja na vitu vya kihistoria vya eneo hilo. Si makumbusho makubwa, ila limeshavuka hatua ambayo ni ngumu kuliko zote: jengo limeokolewa, na watu wa Tanga wenyewe wamehusika kuliokoa. Atakayetaka kuongeza sauti na filamu hataanzia kwenye kiwanja kitupu.

Ukitoka hapo, simulizi zinajipanga zenyewe. Kusini mwa mji, umbali wa kilomita 17 hivi, yapo magofu ya Tongoni yenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na 15. Nje ya pwani hiyo ndiko jahazi la Vasco da Gama, São Rafael, lilikokwama mwaka 1498. Mwaka uliofuata, wakiwa safarini kurudi Ureno, mabaharia wake walilichoma moto kwa sababu hawakuwa wamebaki wa kutosha kuendesha vyombo vyote.

Pangani ina simulizi ya misafara ya pembe na watumwa, na ya vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka minne baadaye, mwaka 1893, mambo mawili yaliyoupa Tanga sura yake yalianza kwa pamoja. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia bandarini, na reli hiyo ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa. Kutokana na miche hiyo 62 likazaliwa zao lililofikia kilele mwaka 1964 kwa takriban tani 230,000, na baadaye likaporomoka vibaya. Hakuna msimulizi anayehitaji kuitia chumvi hadithi hiyo.

Kisha kuna Novemba 1914. Jeshi la Waingereza la askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, liliteremka Tanga kutoka melini na kushindwa na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck cha watu wapatao 1,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilichafuliwa na nyuki wakawashambulia askari. Ndiyo maana vitabu vya Kiingereza huviita vita vya nyuki. Kwa mtu wa sauti na filamu, tukio hilo ni mtaji tosha.

Kwa mgeni wa ndani, hata hivyo, huenda kinachovuta zaidi ni cha karibu kuliko vita vya Wazungu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na mji, na alifariki 1962. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, vilijulikana kotekote Afrika Mashariki. Mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba, kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya 21, ina wazee wanaokumbuka kila nyumba ilikuwa ya nani na disko lilipigwa wapi. Sauti za wazee hao ndiyo malighafi iliyo adimu kuliko zote, maana haiwezi kuagizwa kutoka nje na kila mwaka inapungua.

GHARAMA ZINAZOJIFICHA

Wengi wanaoingia katika biashara hii huhesabu bei ya projekta, kompyuta, skrini na spika, wakadhani wamemaliza. Vifaa ndiyo sehemu inayoonekana. Zipo gharama nne nyingine ambazo ndizo huangusha miradi.

Ya kwanza ni maudhui. Kuandika hadithi, kurekodi wasimulizi, kutafsiri kwa Kiingereza na Kijerumani, na kupata picha za zamani kunaweza kula fedha sawa na vifaa au kuzidi. Picha nyingi za Tanga ya wakati wa Wajerumani zimehifadhiwa ng'ambo, baadhi katika mkusanyiko wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mji una mlango wa kubishia huko Ujerumani: Eckernförde, ulio na undugu na Tanga tangu 1963.

Ya pili ni hewa ya pwani. Chumvi na unyevu hula nyaya, viungio na feni za projekta. Kifaa ambacho Arusha kingedumu miaka mitano, hapa huhitaji kusafishwa na kukaguliwa mara kwa mara ili kifikie umri huo.

Ya tatu ni umeme. Onyesho likikatika katikati, mteja hudai fedha yake. Betri na jenereta si anasa, bali ni sehemu ya bidhaa.

Ya nne ni jengo lenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua, na fundi akizipiga saruji ili zipendeze, unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kuoza. Onyo kubwa liko ng'ambo ya maji. Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 na Sultani Barghash na baadaye ikawa makumbusho, iliporomoka sehemu yake kubwa Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Nyumba hiyo ilikuwa kivutio mashuhuri cha Mji Mkongwe, lakini jina peke yake haliwezi kuzuia paa lisianguke.

HESABU YA MFANO

Takwimu zifuatazo si za kituo chochote kilichopo. Ni mfano wa kumwezesha msomaji kupima mpango atakaoletewa.

Chukua chumba cha viti 30, onyesho la dakika 20, mara nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Viti vinavyoweza kuuzwa ni 3,120. Gharama za mwezi, yaani mishahara, umeme, pango, ulinzi na usafi, ziwe Sh 3,600,000. Kiingilio cha mkazi kiwe Sh 5,000, mwanafunzi Sh 1,000 na mgeni kutoka nje Sh 15,000.

Wakilipa wakazi pekee, watu 720 kwa mwezi wanatosha kurudisha gharama. Hao ni wastani wa watu 28 kwa siku, chini ya robo ya viti. Kwa maandishi inaonekana rahisi, lakini mkazi huja mara moja na huenda asirudi hadi apate mgeni wa kumleta.

Wakija wanafunzi pekee, na kila kiti kijae mwezi mzima, mapato ni Sh 3,120,000. Nyumba imejaa na bado ina hasara ya Sh 480,000. Wapo waendeshaji wanaojisifu kwa wingi wa wageni bila kutazama ni wageni gani.

Sasa wachanganye: wanafunzi 1,200 (Sh 1,200,000), wakazi 300 (Sh 1,500,000) na wageni wa nje 60 (Sh 900,000). Jumla ni Sh 3,600,000, na gharama zimerudi wakati nusu ya viti ingali mitupu.

Lakini hesabu hiyo haijatenga kitu kwa uchakavu. Vifaa na maudhui vikigharimu Sh 36,000,000 na kutegemewa kwa miaka mitano, ni lazima kuweka kando Sh 600,000 kila mwezi, la sivyo mwaka wa sita nyumba itafungwa kwa kukosa projekta. Fedha hiyo ni sawa na wageni wa nje 40 zaidi, yaani wawe 100 kwa mwezi badala ya 60. Wastani ni wanne kwa siku.

Hapo ndipo biashara nzima inaposimama au kuanguka. Wageni wanne kwa siku ni wachache sana kwa Unguja, lakini kwa Tanga lazima watafutwe. Hawatajitokeza mlangoni wenyewe.

WATATOKA WAPI

Njia ya kwanza ni kuwashika wanaopita. Pangani na fukwe za Ushongo, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Mapango ya Amboni yaliyo kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, misitu ya Amani na milima ya Lushoto: vyote hivi hupokea wageni ambao Tanga ni mlango wao. Mwenye nyumba ya wageni Pangani akipata kamisheni kwa kila tiketi anayouza, atakuwa na sababu ya kumshauri mteja wake apitie mjini asubuhi kabla ya kuendelea na safari.

Njia ya pili ni barabara. Ujenzi wa lami wa barabara ya Bagamoyo, Pangani na Tanga, ulio sehemu ya mradi wa ukanda wa pwani unaoungana na Malindi nchini Kenya, unabadilisha jiografia ya safari. Awali msafiri wa Dar es Salaam alizunguka Chalinze na Segera. Njia ya pwani inaufanya mji uwe kituo cha katikati kati ya Bagamoyo na Mombasa. Hata hivyo barabara nzuri hukata pande zote mbili. Inaweza kumleta mgeni, na inaweza pia kumvusha haraka asisimame kabisa.

Njia ya tatu ni shule. Wanafunzi hawajazi kapu, kama mfano ulivyoonyesha, lakini hujaza viti vya asubuhi ambavyo vingekaa bure, na kila mtoto hurudi nyumbani na habari. Wapangiwe saa zao, wasiondoe nafasi ya mteja wa bei kamili.

WANAOFAIDIKA NJE YA MLANGO

Mwekezaji mdogo si lazima amiliki projekta. Mara nyingi fedha iliyo salama zaidi iko barabarani, nje ya jengo. Mgeni aliyetoka kusikia habari za Tongoni anataka gari la kumfikisha. Aliyesikia taarabu anataka kununua rekodi. Aliyekaa nusu saa gizani anataka kahawa, maji ya dafu au samaki wa kukaanga. Waendesha bajaji, wapishi, wauza vitu vya mkonge kama vikapu na mazulia, na vijana wenye leseni ya kuongoza watalii huhitaji mtaji mdogo na hupata faida mapema kuliko mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo mpango mzuri hueleza tangu mwanzo vikundi hivyo vitapewa nafasi gani. Onyesho lililozungushiwa uzio na kuuza kila kitu ndani hujenga uadui na mtaa wake. Uadui wa mtaa huonekana kwenye mahesabu, maana mgeni akisumbuliwa mlangoni hatamsifia mwenzake mahali hapo.

SHERIA NA HATARI

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa majengo ya zamani hulikosea mara nyingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya Wajerumani na Waingereza, ambayo ndiyo uso wa Tanga, ni ya baadaye, nayo hulindwa kwa sheria hiyo pale tu Waziri anapotoa tangazo. Maana yake ni kwamba jengo ambalo mwekezaji amelijengea hadithi linaweza kuwa jirani na lingine linalobomolewa kisheria kupisha ghorofa. Thamani ya onyesho hutegemea mtaa mzima, siyo chumba kimoja. Kabla ya kutia saini, mwekezaji aulize hali ya kila jengo linalotajwa katika onyesho.

Aidha, kuonyesha filamu hadharani kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Biashara ya utalii na uongozaji wa watalii hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Muziki na picha hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mahali pa kuulizia ni COSOTA. Nyimbo za Black Star au Atomic Jazz haziwi mali ya umma kwa sababu tu kila mtu anazijua. Wasanii au warithi wao wana haki ya kuulizwa na kulipwa.

Hatari ya mwisho haimo katika sheria yoyote. Historia ya pwani hii ina utumwa, viboko vya mashamba ya mkonge na vita ambamo wapagazi walikufa bila majina yao kuandikwa. Mwendeshaji akiigeuza kuwa burudani ya kuchekesha, mgeni makini ataondoka na mwenyeji ataona aibu. Huko Unguja, maonyesho ya biashara ya utumwa kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, hutumia maelezo na picha kwa utulivu, na wageni huendelea kufika. Heshima nayo ina soko.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Anayeletewa mpango wa kununua hisa au kukopesha mradi wa namna hii aombe kuona karatasi tano: mkataba wa jengo na muda wake, barua za idhini ya picha, sauti na muziki, fungu la mwezi la uchakavu wa vifaa, makubaliano yaliyoandikwa na angalau hoteli au kampuni za safari chache, na hesabu ya wageni iliyogawanywa kwa aina, siyo jumla pekee.

Mpango usio na karatasi hizo ni ndoto, hata ukiwa na skrini kubwa kiasi gani. Wenye karatasi zote tano bado una hatari zake, na faida ikija itakuja polepole, pengine baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa mwenye fedha ya kuzungusha kila mwezi, biashara ya kuhudumia wageni nje ya jengo ndiyo inayomfaa. Anayeweza kusubiri ataangalia kitu kimoja zaidi: kama kazi ya kurekodi sauti za wazee wa Ngamiani, Pangani na Machui imekwisha kuanza. Vifaa vitapatikana hata miaka kumi ijayo, na huenda kwa bei nafuu kuliko leo, lakini wasimulizi hawatasubiri.